Vitabu vya Wosia na Urithi: Fedha za Tawi Zisipotee Bure

Ndugu wanachama wa Thika na Ruiru,

Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita ilipitishwa kwamba shilingi 15,000 zitolewe katika mfuko wa elimu, ili chama kinunue vitabu juu ya wosia, amana na sheria ya urithi. Sisi tunaoandika gazeti hili tuliinua mikono pamoja na wengine, wala hatujuti. Lakini tangu siku ile tumeiona orodha ya vitabu vinavyotakiwa, na twaona ni wajibu wetu kusema mapema, kabla fedha hazijatoka, kwamba orodha ile haifai. Ina vitabu vinane. Sita viliandikwa kwa ajili ya watu wa Uingereza na Marekani. Vikiletwa vitapangwa vizuri kabatini, wageni wataviona na kusema chama hiki kimesoma, na mwanachama akifa mjane wake ataondoka ofisini kama alivyokuja.

Wengi mwajua jambo hili lilivyozuka. Mwaka jana tulimzika ndugu yetu mmoja aliyefanya kazi kwenye mashine miaka 19 katika kiwanda kimoja cha hapa Thika. Mwezi haukwisha, mjane wake akaja ofisini pamoja na ndugu wa marehemu.

"Pole sana, mama," katibu alimwambia. "Umekuja na karatasi gani?"

"Asante, baba. Ninazo za hospitali na kibali cha kuzika tu. Zile zingine shemeji anasema ziko nyumbani kwa mzee."

Shemeji akatazama chini. Hatusemi alikuwa na nia mbaya. Twasema tu kwamba zile karatasi zilichukua miezi minne kutoka nyumbani kwa mzee hadi mikononi mwa mama, na zilipofika ikaonekana kwamba marehemu hakuacha wosia. Fomu yake ya Sacco aliijaza kabla ya kuoa, akataja mama yake mzazi kuwa mrithi, na yule mama mzee naye amekwisha kufa. Ploti yake ya Ruiru haikuwa na hati ya ardhi. Ilikuwa na cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba na karatasi ya kura, kama zilivyo ploti nyingi za huko. Katibu wetu, ambaye si mvivu, alichukua kitabu kinene cha wosia kilichokuwa kabatini tangu zamani, akakisoma mchana kutwa akitafuta neno moja la kumwambia yule mama. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kimepigwa chapa London. Kurasa nyingi za mwanzo zilieleza jinsi ya kupunguza kodi ya serikali juu ya mali ya marehemu. Kenya kodi ya namna hiyo ilifutwa mwaka 1982! Katibu alikifunga akamwambia mama arudi Jumatatu.

Hatusemi kwamba vitabu vile ni vibaya. Kwa watu wa kwao ni vizuri. Mmarekani ana sheria ya jimbo lake, ana mahakama zake na gharama zake, na mwandishi wake anamfundisha namna ya kuziepuka. Lakini mtu wa Makongeni au wa Kihunguro akifuata maneno yale ataandika karatasi ambayo hakimu wa Thika hataijua. Mtu hashoni suti kwa kipimo cha jirani.

Basi kitabu chagulieni kama karani wa kiwandani anavyomchagua mtu anayetafuta kazi: kiulizwe maswali. La kwanza ni hili: je, kinaijua Sura ya 160? Hiyo ndiyo Sheria ya Urithi ya Kenya. Zamani hatukuwa na sheria moja. Mzungu alikuwa na yake, Mhindi yake, Mwislamu yake, na sisi wengine kila kabila na desturi yake. Mwaka 1967 Serikali iliteua tume chini ya Bwana Humphrey Slade, aliyekuwa Spika, ili itafute njia ya kuziunganisha. Bunge likapitisha sheria mwaka 1972, nayo ikakaa miaka karibu tisa ikingoja, hata ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Kitabu kisichoitaja sheria hiyo katika kurasa zake za kwanza, kirudishwe dukani.

Katika orodha yetu kuna vitabu viwili vya Kenya. Kimoja ni cha Eugene Cotran, kilichotoka London mwaka 1969, kinachoeleza desturi za urithi za makabila ya Kenya. Ni kazi ya heshima. Mtu akitaka kujua jinsi wazee walivyogawa shamba kwa nyumba za wake, atasoma humo. Lakini ni kitabu cha kabla ya 1981, na mwanachama atakayekifuata kana kwamba ndiyo sheria ya leo atapotea. Kisitolewe senti ya tawi. Anayekitaka akakiulize maktaba.

Kitabu cha pili ni kile cha William Musyoka kiitwacho Law of Succession, kilichotoka mwaka 2006. Hiki twakiunga mkono. Mwandishi alikuja kuwa jaji wa Mahakama Kuu, na kitabu chake chaeleza sheria yetu wenyewe pamoja na kesi zetu wenyewe. Ila kina mambo mawili ya kuangaliwa. Kiliandikwa kwa wanafunzi wa sheria na mawakili, kwa hivyo Kiingereza chake si cha kusomwa na mtu aliyetoka zamu ya usiku. Tena ni cha mwaka 2006, na sheria haikusimama mahali pamoja tangu hapo.

Hapa twaomba msomaji awe na subira, maana mwaka wa kitabu ni jambo linaloweza kumgharimu mjane nauli na miezi. Zamani hakimu wa kawaida hakuruhusiwa kusikiliza mirathi ya mali iliyozidi shilingi 100,000. Ploti ya Ruiru, hata ndogo, inapita hapo, na ikawa watu wanaambiwa waende Mahakama Kuu. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 2015 iligeuza hayo. Sasa hakimu mkuu anaweza kusikiliza mali ya hadi shilingi milioni 20, na mahakimu wa chini yake kila mmoja na kiasi chake. Mwanachama mwenye kitabu cha zamani atapanda gari kwenda Nairobi kutafuta kitu kilicho karibu na stendi ya Thika. Tena mwaka 2021 Bunge lilibadili maelezo ya nani ahesabiwe kuwa mke au mume wa marehemu, na nani ahesabiwe kuwa tegemezi wake. Kitabu cha kabla ya hapo kisomwe na mtu ajuaye kwamba sura hiyo imekwisha kupitwa.

Swali la pili la kukiuliza kitabu: kinasema nini juu ya mtu aliyekufa bila wosia? Maana ndivyo tunavyokufa wengi wetu, tukubali tusikubali. Kitabu kizuri kitaeleza wazi kwamba marehemu akiacha mke mmoja na watoto, mke huchukua vyombo vya nyumbani viwe vyake, na mali iliyobaki anakuwa na haki ya kuitumia maisha yake, kisha watoto wagawane sawasawa. Kitasema watoto, si wavulana. Na kama marehemu alikuwa na wake wawili, kitaonyesha hesabu yenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu hushikana mashati makaburini. Sheria haigawi nusu kwa nusu kwa kila nyumba. Inahesabu watoto wa kila nyumba, na mke aliye hai anaongezwa kama mtu mmoja. Nyumba ya kwanza ina mke na watoto watano, basi ni sita. Nyumba ya pili ina mke na watoto wawili, basi ni tatu. Jumla ni tisa: sita kwa huku, tatu kwa kule. Mtu anaweza kuipenda hesabu hiyo au kuichukia, lakini ni heri aijue akiwa hai, na kama haimridhishi aandike wosia wake.

Juu ya mabinti kuna kesi moja ambayo kitabu chochote cha haki hakiwezi kuiruka, nayo ni ya Rono, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2005. Mahakama ya chini iliwapa mabinti ardhi ndogo kuliko ya wavulana kwa hoja kwamba wataolewa. Mahakama ya Rufani ikakataa. Wako wanachama wetu ambao bado husema binti hana shamba. Wamsomee hakimu maneno hayo waone.

Swali la tatu ni la wosia wenyewe. Tumeona vitabu vya kurasa 300 ambavyo mtu akimaliza kusoma bado hajui aanze wapi na kalamu. Kwa sheria yetu mambo ya lazima si mengi. Mwenye kuandika awe mtu mzima mwenye akili timamu. Aweke sahihi au alama yake. Mashahidi wawili au zaidi wamwone akitia sahihi, au awakirie kwamba ile ni sahihi yake, nao watie zao. Na hapa pana mtego ambao wengi hawaujui: shahidi asiwe yule anayepewa mali katika wosia, wala mume au mke wake. Akiwa ndiye, wosia hauanguki, lakini fungu lake laweza kupotea, isipokuwa wako mashahidi wengine wawili wasiohusika. Mara ngapi tumesikia mzee amemwita mwanawe mkubwa kuwa shahidi kwa kuwa ndiye anayejua kusoma! Tena mtu akioa baada ya kuandika wosia, ule wosia hufutika, ila kama ulisema wazi kwamba anaandika akitazamia kumwoa mtu fulani. Vijana wetu wa kiwandani waliokopa mifano ya wosia madukani waangalie sana hapo.

Na wosia wa mdomo? Wazee wetu walikuwa wakiwaita watoto na watu wa mbari karibu na kitanda, wakasema hili kwa huyu na lile kwa yule, na aliyevunja neno hilo aliogopa laana. Sheria haikuyatupa hayo yote. Inakubali wosia wa mdomo uliosemwa mbele ya mashahidi wawili au zaidi, lakini msemaji lazima awe amekufa katika miezi mitatu tangu aliposema. Akipona akaishi mwaka mzima, maneno yale hayana nguvu tena mahakamani. Twadhani jambo hili moja, likisomwa kwa sauti katika mkutano mmoja, litafaa kuliko vitabu vyote sita vya nje.

Tumefika kwenye swali tunaloliona kubwa kuliko yote, na ambalo vitabu vingi hulinyamazia. Mali ya mfanya kazi ni nini hasa? Vitabu vya wosia hueleza majumba, hisa za makampuni na vito vya bibi. Mali yetu sisi ni akiba ya Sacco, pensheni ya kazini, N.S.S.F., cheti cha ploti, na pengine pikipiki. Na sehemu kubwa ya hiyo haifuati wosia. Fedha za mfuko wa pensheni, kwa sheria ya mafao ya uzeeni, hazihesabiwi katika mali ya marehemu. Wadhamini wa mfuko huzilipa kwa kufuata kanuni za mfuko, na hutazama jina uliloandika katika fomu. Chama cha ushirika nacho hutazama jina ulilotaja. Kama hukutaja mtu, fedha hungoja msimamizi wa mirathi mwenye karatasi ya mahakama. Kwa hivyo mtu anaweza kuandika wosia mzuri kwa wakili, akalipa, na akiba yake ikaenda kwa yule aliyemtaja alipokuwa kijana wa miaka 23. Ndivyo lilivyompata ndugu yetu tuliyemtaja juu. Kitabu kisichokuwa na sura juu ya fomu hizi si kitabu cha mfanya kazi, hata kiwe kimeandikwa Nairobi jana.

Juu ya amana hatutasema mengi. Wanachama wawili walitaka kitabu cha amana za familia, maana wamesikia kwamba ndiyo njia ya kisasa, na ni kweli sheria ya mwaka 2021 imeirahisisha. Mtu mwenye mtoto asiyeweza kujitunza atafaidika kuuliza. Lakini mwenye ploti moja na akiba ya Sacco hana haja ya kulipa wadhamini. Wala amana si dawa ya ugomvi. Hapa hapa katika Kaunti ya Kiambu marehemu Njenga Karume, aliyefariki mwaka 2012, aliacha amana, na bado watoto wake na wadhamini walifikishana mahakamani. Kwa upande mwingine marehemu Mbiyu Koinange alifariki Septemba 1981 bila wosia, na miaka zaidi ya 30 baadaye watu wake walikuwa bado wanasimama mbele ya majaji. Hao walikuwa na fedha za mawakili. Sisi mirathi ya miaka mitatu tu yatosha kumaliza ploti yenyewe.

Ndugu zetu Waislamu wasidhani tumewasahau. Sura ya 160 yenyewe inasema mali ya Mwislamu igawanywe kwa sheria ya Kiislamu, na wana Mahakama ya Kadhi. Nao katika jambo hili wametutangulia. Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy wa Tanga aliandika zamani, wakati wa ukoloni, kitabu cha Mirathi kwa Kiswahili, na ofisa wa Kiingereza, P. E. Mitchell, ndiye aliyekifasiri kwa Kiingereza. Tazameni jambo hilo. Mzungu alihitaji tafsiri ya kitabu cha Mswahili juu ya urithi. Leo mfanya kazi wa Ruiru asiye Mwislamu anatawaliwa na sheria iliyoandikwa kwa Kiingereza, na sisi hatujakiona kitabu kimoja cha Kiswahili chepesi kinachomweleza yote tuliyoyataja hapa.

Kwa hivyo rai yetu ni hii, na tutaileta mbele ya mkutano. Orodha ya vitabu vinane ifutwe. Sheria yenyewe, Sura ya 160, inasomwa bure katika intaneti kwa Kenya Law. Ichapishwe nakala mbili, moja ya Thika na moja ya Ruiru, na ihakikishwe kuwa ni ile yenye mabadiliko ya 2021. Kinunuliwe kitabu kimoja cha Musyoka kwa matumizi ya maofisa. Fedha zitakazobaki zitumike kutengeneza kijitabu chetu cha Kiswahili cha kurasa 16, kisomwe na wakili kabla hakijatoka. Kituo cha Sheria, kilichoanza mwaka 1973 kwa ajili ya watu wasio na uwezo, na FIDA Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanza 1985, waombwe kututazamia makosa. Ndani ya kijitabu kuwe na mfano wa wosia wa ukurasa mmoja, na maelezo ya zile fomu za mahakama, P&A 80 na P&A 5, ambazo mjane huuziwa nje ya mahakama na watu wasiojua kuzijaza. Kuwe pia na njia nzima kwa mpango wake: barua ya chifu yenye majina ya warithi wote, ombi mahakamani, tangazo katika Gazeti la Serikali, siku 30 za pingamizi, kisha miezi sita kabla ya kuthibitishwa. Na iandikwe kwa herufi kubwa kwamba anayeuza au kuhamisha mali ya marehemu bila ruhusa ya mahakama anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 10,000 au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Mashemeji wasome.

Baadhi ya wazee wa kamati wametuambia kwamba kijitabu cha kurasa 16 kitaonekana kidogo machoni pa matawi mengine. Acha kionekane.

Yule mama, kwa wanaouliza, tangazo lake limetoka na siku 30 zimepita bila mtu kupinga. Shemeji mwenyewe ndiye aliyemsindikiza kwa chifu. Sasa anangoja ile miezi sita, na Sacco imemwambia itamlipa akileta karatasi.

Mkutano utakuwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, ofisini Thika. Wa Ruiru watarudishiwa nauli. Kila mwanachama apite kwanza kwa karani wa Sacco na wa pensheni, aulize ni jina la nani lililoandikwa katika fomu yake, aje nalo kwenye kipande cha karatasi. Fomu mpya zitakuwapo mezani.